Rangi ya Chini

Rangi nyekundu ilitoka kwanza, kisha praima ya kijivu, na chini yake kabisa, kwenye pembe ya mlango wa dereva ambako jua halijawahi kufika, nikakuta dhahabu. Si dhahabu ya kuuza. Rangi tu, yenye chembe za kung'aa, kama karatasi ya chokoleti. Nilisimama na msasa mkononi, leso imefunika pua, nikajiambia labda ni kipande hicho pekee. Nikasugua mlango wa pili. Dhahabu. Nikafungua boneti nikasugua ule ukuta ulio nyuma ya injini, mahali ambapo fundi wa rangi wa mtaani hana haja ya kufika wala nafasi ya kuingiza mkono. Dhahabu.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, hatua tatu kutoka kwangu, redio mapajani. Haoni vizuri siku hizi. Presha ya macho ilimpokonya jicho la kushoto kwanza, na la kulia linamwachia mwanga na vivuli tu.

"Mum, mbona umenyamaza?" akauliza. Ananiita Mum kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Napumzika."

Nilikuwa nadanganya, na naona ni vizuri niseme mapema kwamba katika habari hii hakuna mtu ambaye hakudanganya.

Sisi tulilelewa Buruburu tukijua mambo mawili kuhusu nyumba yetu. La kwanza, kwamba maji yakipotea yatarudi saa nane usiku na lazima mtu aamke. La pili, kwamba lile gari lililolala nje chini ya mabati lilikimbia Safari Rally. Datsun 240Z, jekundu, boneti jeusi. Baba alisimulia hivi: mwaka wa 1973 alikuwa kijana kwenye kikosi cha mafundi wa dereva mmoja wa kujitegemea, gari likavunjika kabla ya kumaliza, likauzwa, na miaka mingi baadaye akaliona Industrial Area, akalitambua, akalinunua. Hadithi hiyo tuliipeleka shuleni. Kaka yangu aliwahi kupigana kwa sababu yake, darasa la tano, na jamaa aliyesema babake ni muongo.

Na ilikuwa hadithi inayowezekana, hilo ndilo jambo. Datsun 240Z kweli lilikuwa mfalme wa Safari enzi hizo. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Mwaka wa 1973 Mehta mwenyewe akashinda, yeye na Lofty Drews. Alikuwa mtoto wa Uganda, kutoka familia za Wahindi ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka uliotangulia. Walimaliza sare kabisa kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni ya kutenganisha sare itumike ndipo mshindi ajulikane. Mehta akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Magari ya timu yalikuwa mekundu, boneti limepakwa jeusi lisilong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni. Mtoto wa Eastlands akiambiwa haya, kisha atoke nje akute gari jekundu lenye boneti jeusi limesimama karibu na kamba ya nguo, ataanzaje kubisha?

Kazi yenyewe ilianza Juni 2021, wiki ile Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Baba alisikiliza yote redioni, Naivasha, vumbi, kelele za helikopta. Jioni ya siku ya mwisho akaniambia, "Hebu toa hiyo turubai." Gari halikuwa limewashwa tangu 2009. Nilidhani anataka kuligusa tu. Alitaka liwake.

Mimi sikuwa fundi. Nilijua kubadilisha tairi na kumwaga oili, basi. Nilichokuwa nacho ni Jumamosi, video za watu wa Australia ambao wanapenda haya magari kuliko watoto wao, na Baba wa kuniambia spana ni ya namba gani kabla sijauliza.

Wacha nikueleze gari lenyewe. Injini ina silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta 2. Boneti linafunguka kuelekea mbele, refu kama meza ya arusi, na mwili wote una uzito wa tani moja hivi. Injini ni ngumu. Ile ya kwetu, baada ya miaka kumi na miwili ya usingizi, niliitilia mafuta laini kwenye matundu ya plagi, nikaiacha siku tatu, nikaizungusha kwa mkono kwa spana ndefu, ikazunguka kama haikuwa imelala. Ni mwili ndio mnafiki. Datsun walitumia bati jembamba na hawakulikinga dhidi ya kutu kama magari ya leo, kwa hiyo linaoza kutoka ndani kuja nje: chini ya betri, sakafuni, kwenye zile nguzo ndefu zinazobeba sakafu, chini ya milango, kwenye ukingo wa dirisha la nyuma. Unaona rangi nzuri, unabonyeza kwa kidole, kidole kinaingia.

Fundi wa bodi niliyemtoa Kariobangi aligonga sakafu ya upande wa abiria kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akaniangalia kwa huruma. "Madam, hii si chuma. Hii ni puti imepakwa rangi." Tulikata kipande cha ukubwa wa sinia, kisha kingine, kisha nikaacha kuhesabu. Kila Jumamosi mashine yake ya kuchomelea ilifanya taa za jirani zipepese na mimi nikaenda kuomba radhi na maandazi. Bei nilikuwa namwambia kaka yangu, ambaye yuko Nakuru na ambaye tulikuwa tunagawana gharama za Baba. Yaani, namwambia bei fulani. Vifaa vya kukarabati kabureta vilinigharimu 18,500 kwa mtu anayeleta spea kutoka nje. Kaka nilimwambia 8,000.

Basi turudi kwenye dhahabu.

Usiku ule niliketi jikoni na simu. Rangi ile ilikuwa kwenye orodha ya kiwanda, namba 920. Na jina lake, sikutunga hili, ni Safari Gold. Nilicheka peke yangu mpaka nikajikuta nimenyamaza. Kumbe Safari pekee iliyokuwa ndani ya lile gari ni jina la rangi.

Bado nilimtetea. Watu hupaka gari upya, labda lilitoka dukani la dhahabu likapakwa nyekundu kwa ajili ya mashindano. Lakini sasa nilikuwa na macho mengine, na chuma hakijui kuficha. Gari la kwenda Safari lilifungwa bamba la kukinga tumbo la injini dhidi ya mawe. Bamba hilo hushikiliwa na bolti nene, na bolti huacha matundu. Hakuna tundu. Ndani huwekwa vyuma vya kumlinda mtu gari likibiringika, vimefungwa sakafuni. Sakafu ya nyuma ya kiti cha dereva ndiyo pekee iliyokuwa nzima, na ilikuwa laini kama sahani. Mbele hakuna alama ya taa za ziada. Na praima ya kijivu chini ya wekundu ilikuwa nene, ya haraka, ya gereji ya kando ya barabara, si ya timu yoyote. Gari hili lilipakwa jekundu na mtu aliyetaka lifanane.

Ningeweza kunyamaza. Ndiyo, nilipanga kunyamaza. Tatizo likawa mnunuzi.

Kaka alimpata, mzee mmoja wa Karen mwenye banda la magari ya zamani, mtu wa kupeleka magari yake pale Ngong Racecourse siku ya Concours. Aliona picha nilizokuwa natuma. Bila historia, akasema, kwa hali lilivyo, tunaweza kuongea kuhusu milioni moja na kitu. Lakini kama ni gari lililokimbia Safari, na mzee wenu aliyelihudumia bado yuko hai na anaweza kuandika barua, milioni 3. Tangu Safari ya magari ya kale ianze mwaka wa 2003, historia ya aina hiyo ina bei. Kaka alinipigia simu akiwa anatetemeka. Daktari alikuwa ametuambia jicho la kulia linaweza kufanyiwa operesheni, si kurudisha kilichopotea ila kuokoa kilichobaki, na isicheleweshwe. Hesabu ilikuwa imekaa mezani mwezi mzima tukiizunguka kama mbwa asiyefahamika.

"Si Mzee aandike tu barua," Kaka akasema. "Mara ya kwanza hadithi zake zinalipa."

Nikamwambia nitaongea naye. Wiki mbili zikapita sijaongea.

Jumamosi ya tatu gari lilikuwa tupu ndani, bila viti, bila zulia, na fundi alikuwa amemaliza sakafu. Baba akasema anataka kuikagua. Nilimshika mkono nikampeleka hadi mlangoni, akainama, akaingiza mikono yote miwili. Mtu asiyeona anagusa chuma tofauti na sisi. Hakupapasa. Alisoma. Akapita kwenye mishono mipya, akatikisa kichwa kuridhika, akaguna mahali pamoja ambapo fundi hakusaga vizuri. Kisha mkono ukaenda nyuma ya mahali pa kiti cha dereva, kwenye ile sehemu nzima, ukasimama.

"Hapa mmeweka bati mpya?"

"Hapana, Baba. Hapo palikuwa pazima."

Vidole vikazunguka. Pole pole, duara, tena duara.

"Hakuna tundu," akasema.

"Hakuna."

"Na chini?"

"Chini pia hakuna."

Akabaki ameinama hivyo, nusu yake ndani ya gari. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Umefika rangi ya chini?"

"Nimefika."

"Ilikuwa nzuri ile rangi," akasema. "Shida yake ilikuwa haifanani."

Alinisimulia usiku, baada ya chakula, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga. Hakuwa fundi wa timu yoyote. Alikuwa mhudumu wa petroli huko Ukambani, umri miaka kumi na tisa, na siku ya Safari walifunga pampu wakaenda mtoni kutazama, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na kila mtu alijua pale magari yatakwama. Likaja moja, likakwama. Wakasukuma, vijana kama kumi. Yeye alikuwa nyuma upande wa kulia, gurudumu likammwagia tope kuanzia nywele mpaka viatu, na lilipochomoka alianguka kifudifudi. Hakujua dereva ni nani. Hata rangi ya gari hakuiona, tope lilikuwa limefunika. "Ilikuwa 73," akasema, halafu akafikiri. "Ama 74."

"Sasa hiyo ingine yote?"

"Hiyo ingine nilimwambia mama yako."

Mwaka wa 1986 walikuwa na pesa ya ploti ya Kitengela. Mama alikuwa ameiweka kwa chama, miaka minne, mia kwa mia. Siku ya kwenda kulipa, Baba akapita Industrial Area. Kulikuwa na daktari wa meno aliyekuwa akihama nchi na anauza kila kitu, na kati ya kila kitu kulikuwa na Datsun la dhahabu. Baba alilipa. Akalipeleka kwanza kwa mtu wa rangi, akalala kwa rafiki siku mbili, na alipofika nyumbani gari lilikuwa jekundu na hadithi ilikuwa tayari. Ningenunuaje gari tu? akaniuliza. Mtu hawezi kuuza shamba la watoto anunue gari. Lakini gari la Safari, gari ambalo yeye mwenyewe alilihudumia, hilo ni kama kumrudisha jamaa aliyepotea.

Nataka kusema nilielewa. Sikuelewa. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikapiga hesabu ya ploti ya Kitengela kwa bei za leo, hesabu ambayo kila mtu wa Nairobi anaweza kuipiga akiwa usingizini, na nikamkumbuka Mama kila Jumamosi akiosha lile gari kwa mikono yake. Alikuwa hatuachi tulioshe na Omo. "Gari ya Safari haioshwi na sabuni ya nguo," alikuwa anasema, na yeye mwenyewe alikuwa anavaa viatu vya mtumba kwenda kazini. Alikufa mwaka wa 2017. Kwenye mazishi yake mjomba mmoja alilitaja lile gari kati ya mambo aliyoyaacha.

Siku tatu sikumsemesha Baba zaidi ya chai iko tayari, dawa ya macho iko hapa.

Siku ya nne nilitafuta kitabu cha gari, ile logbuku ya zamani, kwa sababu mnunuzi aliitaka. Haikuwa kwa Baba. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti la Mama, pamoja na vyeti vyetu vya kliniki, ndani ya bahasha ambayo juu yake ameandika kwa mkono wake, herufi zile za karani: *Gari ya Safari*. Nikaifungua. Tarehe ya kwanza ya kuandikishwa, Agosti 1973. Safari ya mwaka ule ilikuwa Pasaka, Aprili. Rangi: dhahabu. Mama alifanya kazi ya kusoma karatasi za watu miaka thelathini.

Nikamsomea Baba. Akaomba kuishika ile bahasha. "Kuna siku aliniuliza mbona sina hata picha moja," akasema. "Nikamwambia zilichomeka. Akasema sawa." Akaigeuza geuza. "Hakuuliza tena."

Mzee wa Karen alikuja Jumapili na Kaka, ambaye alikuwa ameniandikia barua tayari, imetaipiwa, imebaki sahihi tu. Sikuwa nimemwambia lolote. Najua ningemwambia. Mnunuzi alilizunguka gari, akachuchumaa, akamulika chini kwa tochi muda mrefu, na nikajua yeye pia anatafuta matundu. Akasimama akajifuta magoti.

"Kwa hivyo, Mzee, wewe ndiye ulikuwa kwenye hii gari Safari ya 73?"

Kaka akanyoosha kalamu. Baba akaelekeza uso mahali sauti ilikotoka.

"Hii gari imeenda Machakos," akasema. "Imeenda Nakuru, Meru, Kakamega. Imebeba maarusi saba, na mama ya hawa imempeleka Pumwani mara mbili akazae. Safari haijaenda."

Hakuna aliyesema kitu. Mnunuzi akaangalia chini, nadhani kwa aibu ya kukuta mambo ya watu yameanikwa, kisha akataja milioni 1.1, bei ya haki kwa gari ambalo halijapakwa rangi. Tukasema tutafikiria. Kaka aliendesha hadi Nakuru bila kunywa chai, na kwa wiki tatu tuliongea kupitia M-Pesa. Siwezi kumlaumu. Yeye ndiye aliyevunjwa jino darasa la tano. Tulipozungumza hatimaye nilimwambia ile kabureta ilikuwa 18,500, na sakafu, na gasketi. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwani hii ni ya damu?"

Hatujauza bado. Hatujakataa pia. Nimeacha kununua spea, pesa yote inaenda kwa jicho. Tarehe ya operesheni imepangwa, nusu ya pesa ipo, na kama nusu nyingine haitapatikana namba ya mzee wa Karen ninayo. Gari limesimama na praima, kijivu mwili mzima. Fundi wa rangi amenipigia simu mara mbili kuuliza nyekundu au gani. Nimemwambia angoje.

Lakini injini ilikuwa tayari, na Jumamosi iliyopita tukaiwasha. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliofanya watoto wote wa korti watoke, ikashika. Ikawa inanguruma kwa kuyumba, kama mtu anayechechemea, kwa sababu kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa na zangu zilikuwa zinavutana. Video zinasema utumie kifaa cha kupima. Kifaa sina.

"Leta kipande cha mpira wa maji," Baba akasema.

Nikamkatia futi mbili. Akaweka ncha moja sikioni, nyingine nikamshikia kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Akasikiliza ile sauti ya kufyonza. Nikahamishia ya nyuma. Ya mbele tena. Alikuwa amefumba macho, nadhani kwa mazoea tu.

"Ya nyuma inakunywa zaidi. Funga skurubu robo. Robo, si nusu."

Nikafunga robo.

"Rudi mbele. Fungua kidogo. Kidogo Mum, kama chumvi. Ngoja. Sasa nyuma."

"Ulijifunzia wapi hii?"

"Hapa tu," akasema, mpira bado sikioni. "Miaka ishirini nikienda kazini na gari imezeeka, utakosa kujifunza? Nyamaza nisikie."

Nikanyamaza. Injini ikaanza kutulia.